Kivu Kaskazini: Unapotafuta jeep iliyotumika, bei ya haki ni ile inayoweza kuelezwa

Katika miji ya Butembo, Beni na Bunia, mtu anayetafuta gari ya kupita matope hakosi ya kuonyeshwa. Land Cruiser, Prado, Hilux, Pajero, Patrol, zote ziko, na kila muuzaji anasema yake ndiyo nzima kuliko zingine. Kinachokosekana ni bei ya kuaminika. Magari mawili ya mwaka mmoja na rangi moja yanaweza kupishana kwa maelfu ya dola, na mnunuzi hajui kwa nini. Mara nyingi ile ya bei rahisi ndiyo inakuwa ghali zaidi baada ya miezi mitatu.

Jambo hili si dogo. Kwa wakaaji wengi wa huku, jeep si gari ya matembezi. Ni chombo cha kazi: kupeleka wasafiri Manguredjipa, kupandisha bidhaa Lubero, kukimbiza mgonjwa hospitalini wakati wa mvua. Pesa yake inatoka katika shamba lililouzwa, likelemba ya miaka, ao mkopo wa koperative. Gari ikikamatwa na duane, ao moteri ikifa mwezi wa pili, familia nzima inarudi nyuma.

Kanuni moja inaweza kusaidia: bei ya haki si bei ndogo. Ni bei ambayo muuzaji anaweza kuieleza kipande kwa kipande, na karatasi mkononi.

Gari imetoka wapi?

Hilo ndilo swali la kwanza, mbele ya kuuliza bei. Magari mengi ya mashariki yanatoka Japani. Yanashuka katika bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, yanapita Uganda, kisha yanaingia Congo kupitia Kasindi ao Mahagi. Mengine yanatoka Dubai, mengine Ulaya. Kuna pia yale ambayo yametumika hapa kwetu na mashirika ya misaada.

Gari ya Japani mara nyingi imenunuliwa kwenye mnada. Kule, kila gari inapimwa kabla ya kuuzwa na kuandikiwa karatasi yenye alama: kilomita ilizotembea, mikwaruzo, kutu, na cheo cha hali yake. Alama 4 ao 4.5 ni ya gari nzuri. Herufi R ni onyo: gari ilipata ajali na ikatengenezwa. Muuzaji anayesema gari yake imetoka mnadani aombwe karatasi hiyo. Kama hana, asilipishe bei ya gari yenye karatasi.

Magari ya Japani yana volani upande wa kuume, lakini Congo inatembea upande wa kuume wa barabara, tofauti na Uganda. Dereva anayetaka kupita lori haoni kinachokuja mbele mpaka gari yote imeingia katikati ya barabara. Ndiyo maana gari ya volani ya kushoto, ya Dubai ao ya Ulaya, inauzwa bei ya juu. Tofauti hiyo ni ya haki. Isiyo ya haki ni kulipa bei ya volani ya kushoto kwa gari ambayo volani yake ilihamishwa katika garaji. Ukiona matundu ya zamani yaliyozibwa nyuma ya dashibodi, ao waya zilizounganishwa kwa utepe, jua kwamba volani haikuzaliwa upande huo.

Serikali imekwisha kuweka masharti juu ya volani ya kuume na juu ya umri wa magari yanayoingizwa, na masharti hayo yamebadilika zaidi ya mara moja. Anayetaka kuagiza gari aulize ofisi ya duane, DGDA, kabla ya kutuma hata dola moja. Komisionere si duane.

Hesabu ya pengo

Tuchukue mfano. Namba hizi si bei ya soko, ni za kuonyesha tu namna ya kuhesabu. Prado moja iko Kampala kwa dola 9 000, haijalipiwa duane ya Congo. Ya pili, ya mwaka uleule, iko Butembo kwa dola 14 500, na karatasi zote. Mnunuzi anaona pengo la dola 5 500 na anakimbilia Kampala.

Lakini aandike: dereva, mafuta na njia, dola 400. Duane na kodi zote mpakani, dola 4 000. Plaki na karatasi za mkoa, dola 300. Pine nne mpya, dola 600. Oili, mikanda na filta, dola 300. Jumla na bei ya kununua: dola 14 600. Pengo limekwisha, na safari bado haijafanyika.

Sasa inatokea Prado ya tatu, kwa dola 11 000, na muuzaji anasema karatasi "zinakuja". Hapo kuna dola 3 500 ambazo hazikulipwa mahali fulani. Mara nyingi mahali hapo ni duane, na atakayezilipa ni yule atakayekamatwa na gari mkononi.

Kwenye mpaka, kodi zinapandana. TVA ya asilimia 16 haihesabiwi juu ya bei ya gari peke yake, inahesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru wa duane. Tena thamani yenyewe si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji. Afisa anaweza kuikataa kama anaiona ndogo mno. Kwa hiyo, risiti ya uongo yenye bei ya chini haimlindi mnunuzi.

Shasi haidanganyi haraka

Rangi inaweza kupakwa upya kwa siku mbili, na kilomita zinaweza kurudishwa nyuma kwa saa moja. Lakini namba ya shasi ni vigumu kuificha. Kwa magari kama Land Cruiser na Prado, namba hiyo imechongwa katika chuma cha shasi chenyewe, na inarudiwa kwenye kibao kidogo cha kiwanda. Mnunuzi alinganishe sehemu tatu: chuma, kibao, na karatasi. Herufi moja ikipishana, mazungumzo yasimame hapo. Chuma kilichosuguliwa, rangi mpya mahali pa namba tu, ao alama ya kuunganisha kwa moto, hizo ni dalili za gari ya wizi ao gari mbili zilizofanywa moja.

Namba hiyo inaeleza pia moteri ya kuzaliwa nayo. HZJ79 ni Land Cruiser yenye moteri 1HZ. KZJ95 ni Prado ya zamani yenye moteri 1KZ. KDJ120 ni Prado iliyofuata, yenye moteri 1KD ya mazutu. TRJ120 na GRJ120 ni za esanse, ya kwanza lita 2.7, ya pili lita 4. Kama shasi inasema KDJ na chini ya kofia kuna moteri nyingine, moteri ilibadilishwa. Si lazima iwe kosa, lakini bei ishuke, na moteri mpya iwe na karatasi zake.

Gari iliyouzwa kwanza ndani ya Japani ina namba fupi ya namna hiyo. Iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya ao la Dubai ina namba ya herufi na tarakimu 17. Anayeambiwa "hii ni ya Dubai" na anaona namba fupi ya Kijapani, anajua kwamba hadithi ina kasoro.

Kisha, alale chini ya gari. Japani ina mikoa ya theluji ambako chumvi inamwagwa barabarani, na chumvi inakula chuma. Bisibisi ikigonga shasi na kutoa vipande, ao ikiingia ndani, gari hiyo haifai hata kwa nusu bei. Katika mashimo ya Lubero, shasi ya namna hiyo inaweza kukatika.

Moteri ya barabara gani?

Jeep nzuri ya Kampala si lazima iwe nzuri Butembo. Moteri 1HZ, ya lita 4.2, silinda 6, bila turbo, haina mwendo mkubwa. Lakini haina elektroniki nyingi, na mafundi wengi wanaijua. Ndiyo maana bei yake haishuki hata ikizeeka.

1KZ ina nguvu, ila haivumilii joto. Ikikosa maji mara moja tu, kichwa cha moteri kinaweza kupasuka. 1KD inakula kidogo na inakimbia, lakini enjekteri zake zinafanya kazi kwa presha kubwa na zinataka mazutu safi. Anayenunua mafuta ya Kadhafi kando ya barabara, yenye maji na mchanga, atalipia enjekteri hizo, na si kwa pesa ndogo. Ile ya esanse lita 4 mara nyingi inanunuliwa kwa bei nafuu kuliko ya mazutu, kisha inadai tofauti hiyo kila siku kwenye kituo cha mafuta.

RAV4 inapendwa sana mjini, lakini haina vitesi vya nguvu vya chini. Kwa barabara ya udongo kavu inatosha. Kwa mlima wa matope na mzigo, hapana.

Gari ipimwe asubuhi, moteri ikiwa baridi. Muuzaji akikuta mnunuzi na gari imekwisha kuwashwa "ili ipate joto", mnunuzi arudi kesho. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha unaweza kuwa maji yanayoingia ndani. Chini ya kifuniko cha oili, rangi ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Lever iwekwe kwenye 4L na gari ipandishwe mlima, si uwanjani tu. Na kama dashibodi inasema kilomita 80 000 wakati pedali zimekwisha kulika na volani inateleza kama sabuni, pedali ndizo za kuamini.

Magari ya mashirika

MONUSCO ilitoka Kivu Kusini mwezi wa sita 2024. Mwaka 2025, kukatwa kwa misaada ya Marekani kulifanya mashirika mengi kupunguza kazi. Land Cruiser za mashirika zinauzwa kwa tangazo na bahasha zilizofungwa. Zimetembea sana, lakini nyingi zina daftari la matengenezo. Gari ya kilomita 250 000 yenye daftari inaweza kuwa bora kuliko ile ya 90 000 isiyokuwa na historia.

Mtego wake ni mmoja. Magari hayo mara nyingi yaliingia nchini bila kulipa ushuru, kwa sababu shirika lilisamehewa. Msamaha huo ni wa shirika, hauhami na gari. Mnunuzi wa kawaida anapaswa kulipa duane kabla ya kuandikisha gari kwa jina lake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika bei ndani ya bahasha, aulize: ushuru ni juu ya nani, na DGDA inakadiria kiasi gani? Bei inayoonekana ya ajabu inaweza kuwa nusu ya bei tu.

Karatasi mbele ya ufunguo

Pesa isitoke kabla ya karatasi hizi kuonekana, si kwa picha ya simu bali kwa macho: deklarasio ya duane na risiti ya benki iliyolipiwa, karte roze, na kitambulisho cha muuzaji. Jina la karte roze likiwa la mtu mwingine, kuwe na mkataba wa mauzo unaounganisha majina yote mpaka kwa muuzaji wa leo. Mkataba mpya uandikwe namba ya shasi, bei ya kweli, na upigwe muhuri kwa notere wa mji. Mnunuzi apeleke yeye mwenyewe namba ya deklarasio kwenye ofisi ya DGDA na kuuliza kama ni ya gari hiyo.

Kuna swali lingine la wakati huu. Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, ofisi za miji hiyo haziongozwi tena na Kinshasa. Anayenunua gari iliyoandikishwa huko baada ya tarehe hizo, na anayetaka kuitumia Butembo ao Bunia, aulize kwanza kama karatasi zake zinakubaliwa. Bila jibu hilo, anaweza kulipa ushuru mara mbili.

Inabaki komisionere. Kazi yake ni halali, anajua ni nani anauza. Lakini akilipwa kwa asilimia ya bei, bei ikipanda naye anapata zaidi. Afadhali kupatana naye pesa ya kimo kimoja tangu mwanzo, na kuja na fundi ambaye mnunuzi mwenyewe amemlipa. Dola 50 za fundi zinaonekana nyingi asubuhi ya kununua. Ni kidogo sana mbele ya kichwa cha moteri kilichopasuka.

Na mnunuzi abakize pesa. Anayetoa dola zote siku ya kwanza hana za oili, za pine, wala za asiransi. Katika njia za Beni–Kasindi na Komanda, magari yamekwisha kuchomwa moto katika mashambulizi, na mwenye gari anapaswa kusoma vizuri kama mkataba wake wa asiransi unagusa hasara za vita ao hapana. Hiyo nayo ni sehemu ya bei. Muuzaji hatamwambia. Ni yeye mwenyewe wa kuihesabu kabla ya kupokea ufunguo.