Kadi ya Picha Iliyoharakishwa: Kwa Nini Huzidi Kuchelewa?

Lori lililosheheni mizigo huanza safari ya Lushoto katika joto la Mombo, mahali palipo kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake zipo kilomita 33 za mwinuko na kona, kupitia Soni, hadi Lushoto kwenye mita zipatazo 1,400. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu tangu mwanzo, aghalabu maji ya rejeta huchemka, naye hana budi kuegesha kando ya barabara mpaka injini ipoe. Mwenzake aliyepanda kwa kiasi humpita hapo, akafika kabla yake.

Jambo linalofanana na hilo hutokea ndani ya kompyuta. Mtu huongeza mwendo wa kadi ya picha kupita kiwango kilichowekwa na kiwanda, akitumaini kwamba kazi itakwisha upesi. Anapopima, huona kazi imechukua muda mrefu zaidi kuliko awali. Mwendo ulioandikwa kwenye kioo umepanda, lakini kazi imepungua. Katika shule ambamo mashine moja hutumiwa na darasa zima, yafaa sababu zake zieleweke kabla mashine haijaharibika.

Mapigo, volti na joto

Kadi ya picha ni sehemu ya kompyuta inayokokotoa picha zinazoonekana kwenye kioo. Ndani yake mna prosesa yenye vipande vingi vidogo vinavyofanya hesabu kwa pamoja, na kando yake kumbukumbu inayohifadhi tarakimu za picha. Kila hatua ya hesabu hufuata pigo la saa ya umeme. Kwa mfano, kadi ya GeForce GTX 1080, iliyotolewa na kampuni ya NVIDIA mwaka 2016, ilipangiwa na kiwanda mwendo wa mapigo milioni 1,733 kwa sekunde inapofanya kazi nzito, na matumizi ya wati 180.

Mapigo yakiongezwa mno, hesabu hazimaliziki kabla pigo linalofuata halijafika, na makosa huanza. Ili kuzuia makosa hayo, watu huongeza volti. Hapo ndipo tatizo huanzia, kwa maana joto huwiana na mwendo, na vilevile huwiana na kipeo cha pili cha volti:

P = k × V² × f

Hapa P ni wati, V ni volti, f ni mwendo, na k ni kigezo cha kadi yenyewe. Volti na mwendo vikiongezwa kila kimoja kwa asilimia 10, joto huzidishwa kwa 1.1 mara tatu, yaani 1.331. Kwa mwendo wa asilimia 10 tu, mtumiaji amelipa joto la asilimia 33.

Walinzi wa kadi

Kadi za siku hizi zina walinzi wa ndani. Mlinzi wa kwanza hutazama joto. Katika kadi ya GTX 1080 iliyotajwa, kikomo cha kawaida kiliwekwa kwenye nyuzi 83 za sentigredi. Joto likifika hapo, mwendo hupunguzwa. Mlinzi wa pili hutazama wati. Ikiwa kadi tayari inatumia wati zote inazoruhusiwa, kisha volti ikaongezwa kwa asilimia 10 bila kikomo cha wati kubadilishwa, mwendo huweza kushuka hadi 1 ÷ 1.21 ya ule wa awali, yaani upungufu wa asilimia 17 hivi.

Mombo na Lushoto

Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ichukuliwe basi kwamba chumba kimoja Mombo kina nyuzi 30, na kingine Lushoto kina nyuzi 23. Kadi mbili za aina moja, zenye feni zinazozunguka kwa mwendo wake wa mwisho, hupanda nyuzi 53 juu ya joto la chumba. Ile ya Mombo imefika 83, ndicho kikomo chake. Ile ya Lushoto ina 76.

Sasa kikomo cha wati kimeongezwa, volti imefungwa kwenye asilimia 5 zaidi, na mwendo umeombwa uzidi kwa asilimia 5. Kule Lushoto kadi inaruhusiwa kupanda nyuzi 60, hivyo mwendo wake unakuwa (60 ÷ 53) ÷ 1.1025, yaani 1.03: faida ya asilimia 3 hivi. Kule Mombo nafasi ni zile nyuzi 53 tu, na mwendo unakuwa 1 ÷ 1.1025, yaani 0.91: hasara ya asilimia 9. Marekebisho yaliyomfaa mtu wa mlimani yamemdhuru mtu wa bondeni.

Makosa yasiyoonekana

Upo ucheleweshaji mwingine usiotokana na joto. Zamani kumbukumbu ya kadi ikiharakishwa kupita uwezo wake, picha ilijaa madoa, na mtumiaji alionywa. Mwaka 2009 kampuni ya AMD ilitoa kadi ya Radeon HD 5870, ambayo iliweza kugundua tarakimu zilizoharibika njiani kati ya kumbukumbu na prosesa, na kuagiza zipelekwe tena. Picha hubaki safi, lakini kila upelekaji wa pili hula muda. Ni sawa na karani anayeandika kwa haraka hata akalazimika kurudia kila ukurasa.

Namna ya kutafuta kosa

Kwanza, kadi irudishwe kwenye kiwango cha kiwanda. Ichaguliwe kazi moja, ifanywe mara tatu, na muda wake uandikwe. Bila kipimo hicho hakuna la kulinganisha.

Pili, kazi iendeshwe kwa muda wa robo saa huku joto, mwendo na wati vikiandikwa kila dakika. Kipimo cha dakika ya kwanza hudanganya, kwa kuwa kadi haijapata moto.

Tatu, mashine izimwe na kutenganishwa na umeme, kisha vumbi liondolewe kwenye feni na mapezi ya kupozea. Ihakikishwe kwamba hewa inaingia na kutoka bila kizuizi.

Nne, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Mwendo wa prosesa upandishwe kidogo kidogo, kumbukumbu ikiachwa kama ilivyo. Kisha kumbukumbu peke yake. Pale muda wa kazi unapoacha kupungua ndipo mwisho wa faida ulipo, hata kama picha bado ni safi. Kompyuta ikijizima yenyewe wakati wa kazi nzito, pawasaplai nayo ichunguzwe.

Katika mahali pa joto, njia ya kinyume huweza kufaa zaidi: kupunguza volti kidogo bila kugusa mwendo. Volti ikishuka kwa asilimia 5, joto hupungua kwa asilimia 10 hivi, na kadi iliyokuwa ikizuiwa na joto huweza kurudia mwendo wake. Ikiwa makosa yatatokea, volti irudishwe.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wapime joto la chumba saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Wakitumia kikomo cha nyuzi 83 na kanuni iliyotolewa hapo juu, wakokotoe ni kwa kiasi gani mwendo unaweza kuongezwa katika kila saa bila kuongeza volti, ikiwa kadi hupanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Kisha wajadili: je, kazi nzito ipangwe asubuhi au mchana?