Zawadi ya Vilima kwa Baba na Mama

Kwa wazazi wanaopenda kupanda vilima, kitenge kipya kinaweza kusubiri. Watoto walioko Mwanza au Dar es Salaam wanaweza kuchanga wawalipie matembezi ya Ngara na Biharamulo.

Ngara ni vilima vitupu, na mpakani na Rwanda Mto Kagera unaporomoka Rusumo. Malori ya mizigo hupiga kelele darajani, lakini maji yale yanafaa kutazamwa. Biharamulo kuna boma la Wajerumani, na Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019. Humo hakuna kujitembelea ovyo: kuna tembo na nyati, hivyo wageni huongozana na askari mwenye silaha.

Tarehe wachague wazee wenyewe, ikiwezekana Juni hadi Agosti, mvua zikishakatika.