Mbege Huanzia Kwenye Ulezi

Kati ya barua zilizonifikia juma hili iko moja iliyonichekesha mwanzoni, kisha ikaninyima raha. Imeandikwa na mzee mmoja mstaafu, mkazi wa Kimara, Dar es Salaam. Kijana wake anataka kuoa, na huko ukweni wametaja, pamoja na mengine, mbege. Mzee hataki kuinunua kilabuni. Anataka kuipika mwenyewe nyumbani, kama mama yake alivyokuwa akipika kule Kibosho, ila anakiri kwamba mama alipokuwa jikoni yeye alikuwa migombani akiwinda ndege. Anauliza aanzie wapi. Na mwishoni kabisa, kama jambo dogo, anasema amekwisha pata gunia la ulezi kwa bei ya kutupa. Lilinyeshewa ghalani, likaanza kunuka uvundo, lakini yeye haoni neno kwa vile ulezi wa pombe hata hivyo hulowekwa.

Mzee wangu, hapo kwenye neno la mwisho ndipo nitakapoanzia.

Ni kweli ulezi wa mbege hulowekwa. Lakini kulowekwa si kuvunda. Tunaloweka punje nzima, safi na hai, kwa usiku mmoja, kisha tunamwaga maji na kuitandaza juu ya majani ya migomba au gunia safi, tukiinyunyizia maji kidogo kidogo kwa siku mbili tatu mpaka itoe vijimizizi vyeupe. Hicho ndicho kimea. Punje inapoota huamsha ndani yake vimeng'enya, vitu ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Sisi tunamwibia mche chakula chake: kabla hajakua tunamwanika juani akauke kabisa, ndipo tunasaga. Punje iliyokufa kwa kuvunda ghalani haioti. Inayoota humo ni kuvu.

Mama yangu, aliyenifundisha kazi hii Rombo, alikuwa akitia mkono katikati ya kimea kila asubuhi na jioni. Kikiwa na joto sana alikitandaza zaidi, kwa sababu kimea kilichorundikwa hujipika chenyewe na kuota ukungu. Akiona sehemu yenye rangi ya kijani au nyeusi, au akinusa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, alitupa chote. Nilidhani ni uchoyo wa sifa, kwamba hataki kusemwa na majirani. Sikujua kwamba alikuwa akilinda roho za watu.

Nieleze jambo lililotokea kwa jirani zetu wa kusini. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Wakafa watu 75, na mama aliyeipika alikuwa miongoni mwao. Mara moja yakazuka maneno ya nyongo ya mamba, maana kwetu Afrika mtu akifa na kata mkononi lazima mchawi atafutwe. Vipimo vya maabara vilisema jambo jingine. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na ndani yake mlikuwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, ambaye hutengeneza sumu inayojulikana kama asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Yule mama alipika kama alivyopika siku zote. Kilichobadilika ni unga.

Na hapa kwetu, mwaka 2016, watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Hiyo nayo haimalizwi kwa kuchemsha. Kwa hiyo usemi ninaousikia mara nyingi, kwamba nafaka iliyoharibika isitupwe, ipelekwe kwenye pombe, ni usemi wa kuogofya.

Sasa, mzee, tuseme umepata ulezi mwema. Usianze na pipa. Anza na ndoo moja ya lita 20, uharibu kidogo ujifunze. Mimi nilianza na mkungu mmoja wa ndizi na kilo mbili za kimea. Ndizi ziive sawasawa mpaka ganda lianze madoa meusi, maana sukari nyingi ya mbege hutoka humo. Zimenye, zitie maji, zichemke saa kadhaa hadi zigeuke rangi nyekundu ya udongo. Ziache zipoe, zimimine chomboni, zifunike. Hapo chachu huingia kazini, wale wadudu wadogo wasioonekana wanaokula sukari na kutoa kilevi na hewa. Zamani hakuna aliyeinunua: ilikuwa kwenye ndizi zenyewe na kwenye mashapo ya mbege ya juzi, na ndiyo sababu wapishi wazuri hupeana mashapo kama majirani wanavyopeana moto.

Kule mlimani kwenye baridi twangojea siku nne au tano. Kimara kuna joto, huenda mbili au tatu zikatosha. Tazama povu, usitazame kalenda. Likishatulia, chuja.

Siku hiyo ndipo unapopika uji wa kimea, na hapa wengi hukosea. Usimimine unga kwenye maji yanayotokota. Ukoroge kwanza katika maji ya baridi, weka kwenye moto mdogo na uendelee kukoroga. Utaona uji unakuwa mzito, kisha, kama kwa mazingaombwe, unaanza kulegea na kuwa mtamu. Ni vile vimeng'enya vinafanya kazi kabla moto haujaviua. Ukiwatia maji yanayotokota umeviua papo hapo, na uji utabaki mzito kama wa mtoto. Baada ya kulegea uache uchemke vizuri, upoe, ndipo uuchanganye na maji ya ndizi. Kesho yake inanyweka. Keshokutwa imechachuka, na baada ya hapo ni siki.

Uchungu wa mbege hutoka kwenye gome la msesewa. Kiasi gani, na litiwe lini, kila ukoo una lake na kila ukoo unadhani wengine wamekosea. Mimi nasema kidogo tu, kwani msesewa ni dawa kali, na lichumwe na mtu anayeujua mti wenyewe.

Vyombo visiwe vya mabati, maana uchachu hula madini yake na kuyaingiza kwenye pombe, wala pipa lililowahi kubeba mafuta ya mitambo au dawa ya shamba, hata ukilisugua mwaka mzima. Na usifunge chombo kikakaza. Mimi niliwahi kutia mbege iliyokuwa bado inachemka katika chupa, nikakaza kizibo, nikaiweka chini ya kitanda ili wageni wasiione. Usiku wa manane ilipasuka, na mke wangu akapiga ukelele wa mwizi. Majirani walikuja na marungu, wakakuta harufu.

Kuhusu sheria, nitasema mawili. Kutengeneza gongo bila kibali ni kosa tangu sheria ya mwaka 1966, na mbege hata ikigeuka siki usishawishike kuitia kwenye mtungi na mpira. Na kama ndugu watasifu mkono wako ukafikiria kufungua kilabu, kuuza kunataka leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, waulize.

Mzee hakutaja tarehe ya kwenda ukweni. Ahesabu nyuma: siku moja ya kuloweka, tatu za kuotesha, mbili au tatu za jua, moja ya kusaga na kupika ndizi, tatu za kungojea, moja ya kuchanganya. Ni kama siku kumi na mbili, na jua la Dar es Salaam likigoma aongeze. Afanye jaribio moja kabla, anywe yeye na rafiki zake, wamweleze ukweli.

Na lile gunia, mzee, lichimbie shimo. Usimpe mtu, wala usiwape kuku.