Bajeti ya Kutengeneza Paa Bila Kuingia Kwenye Riba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Swalla Allahu alayhi wa sallam.

Ndugu Muislamu, makazi ni sehemu ya nafaka anayowajibika nayo mume kwa mkewe na watoto wake. Paa linalovuja si jambo la kuahirisha kila mwaka. Ndugu zetu wa Mtwara na vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma wanakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoelekea pwani yetu kabla ya kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto. Kumtegemea Allah huenda pamoja na kuchukua sababu.

Tatizo ni wakati. Mvua zetu huanza takriban Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, ilhali fedha za korosho huanza kuingia Oktoba. Paa likivuja Februari mkono mtupu, wengi hukimbilia kangomba: mtu hupewa fedha leo, alipe korosho msimu ujao kwa bei ya kutupa.

Tutambue hukumu yake. Fedha ikiwa ni mkopo na mkopeshaji ameshurutisha ziada, hiyo ni riba, hata ziada hiyo ikilipwa kwa korosho. Ikiitwa mauzo, basi biashara ya salam ina masharti: bei yote itolewe palepale, na sifa za bidhaa, kiasi chake na muda wa kuikabidhi vijulikane. Kuuza mazao ya mikorosho maalumu kabla hayajaanza kukomaa kumekatazwa, kwa kuwa huenda yasipatikane. Isitoshe, serikali imepiga marufuku kangomba.

Njia salama ni kupanga mapema:

1. Kagua paa Mei, mvua zikikatika. Andika kinachovuja, kilichooza na kinachoweza kungoja. Huenda tatizo ni misumari na kofia tu, si bati zote.

2. Pima, usikisie. Mfano: upande wa paa una urefu wa mita 8.4, na bati moja, baada ya kulaliana, linafunika sentimita 70. Hapo zinahitajika bati 12 kwa safu moja. Pande mbili zenye safu mojamoja ni bati 24. Kisha hesabu kofia, misumari, mbao za kenchi, usafiri na ufundi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura.

3. Angalia geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Karibu na bahari chumvi hula bati upesi, hivyo rahisi huweza kuwa ghali baada ya miaka michache.

4. Kwa nyumba ya makuti, usikate boriti za mikoko bila kibali. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na mikoko ndiyo ngao ya fukwe zetu.

5. Andikianeni na fundi ujira na kazi, mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah imetuelekeza kuandika madeni. Fundi akimaliza, mlipe bila kumzungusha.

Je, akiba ya bati ina zaka? Ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka mzima wa Hijria, inatolewa zaka asilimia 2.5, hata kama umeikusudia paa. Ukinunua bati kwa haja yako kabla ya mwaka kutimia, fedha hiyo haina zaka, wala bati za nyumba unayoishi hazina zaka.

Anayehitaji msaada sasa aombe mkopo mwema usio na ziada, au ajiunge na mchezo ambao kila mmoja hupokea sawa na alichochanga. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu. Maskini asiye na uwezo anastahiki zaka, basi viongozi wa misikiti wawatazame wajane na wazee kabla ya mvua. Na anayemdai mwenye dhiki ampe muda.

Allah atujaalie makazi ya amani na chumo la halali.

Wallahu a'lam.