PIN Gani? Neno Moja, Kazi Nne

Umepata kazi mpya. Wiki ya kwanza simu inalia: "Nakupigia kutoka ofisini, tunakuingiza kwenye mfumo wa mshahara. Nitajie PIN yako." Unajibu haraka, maana nani anataka mshahara ukwame? Lakini ngoja kwanza. Ni PIN gani hiyo?

PIN ya ushuru. Hutolewa na KRA. Huanza kwa herufi, zikifuatwa na tarakimu 9, kisha herufi ya mwisho. Ya mtu binafsi huanza kwa A, ya kampuni kwa P. Mwajiri anaihitaji, na benki itakuitisha ukifungua akaunti. Inasema wewe ni nani, basi. Haitoi pesa.

PIN ya laini. Hii hufunga SIM kadi. Ukikosea mara 3, utaitishwa PUK yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, laini hiyo imekufa. Itabidi upewe nyingine.

PIN ya posta. Ukituma mzigo India, fomu itakuuliza PIN. Usishtuke. Kule ni nambari ya eneo yenye tarakimu 6, na wanayoitaka ni ya huyo anayepokea mzigo. Usijaze yako ya pesa!

PIN ya pesa. Huu ndio ufunguo wa pochi yako. Unaibonyeza mwenyewe, kwenye simu yako, baada ya kusoma jina na kiasi. Haitajwi kwa sauti wala haiandikwi kwenye fomu. Mwajiri haihitaji, ajenti haihitaji, na hata sisi hatutakuuliza kamwe.

Tapeli anajua maneno haya yanafanana. Ataanza na ile ya KRA, umzoee. Kisha atasema, "Hii imekataa, hebu jaribu ile nyingine ya simu." Hapo kata simu. Kama ni kazi kweli, nenda ofisini ukaulize.

Na kama tayari umeitaja? Usingoje kuona salio likipungua. Ingia kwenye menyu ubadilishe PIN sasa hivi, kisha upigie huduma kwa wateja kupitia nambari rasmi, si ile iliyokupigia. Na mpya isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Huo uko kwenye kitambulisho chako, na wengi wamekiona.

Kabla ya kujibu, uliza: PIN gani?