Mbasa au perege: yupi wa kuvua, yupi wa kufuga?

Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, zile kilomita 66 zilizokuwa zinatutesa masika, samaki wa Ziwa Nyasa anatufikia Songea kirahisi zaidi. Na simu zimeongezeka: "Afisa, mteja anataka mbasa, sisi kwa nini tunang'ang'ania perege?"

Swali zuri. Tuwaangalie wote wawili.

Mbasa ni mrefu, mwembamba, anang'aa kama fedha. Wavuvi wa starehe upande wa Malawi humwita samoni wa ziwa, ingawa kiukoo yuko karibu na kapi, samoni wala hamjui. Anawinda samaki wadogo, hasa usipa, kwa hiyo chambo chake lazima kitembee majini. Akinasa, shika mshipi vizuri maana anaondoka nao! Perege hana papara. Ndoano ndogo, mnyoo au kidonge cha ugali, utulivu, anakuja kudonoa.

Jikoni, mbasa ana mafuta. Mpake chumvi na ndimu, weka juu ya mkaa, basi. Shida ni vijiba vidogo vidogo ndani ya nyama; mtoto usimwache ale peke yake. Perege nyama yake ni nyeupe, miiba mikubwa inayoonekana, na mmoja anatosha sahani moja. Ndiyo maana mama lishe anampenda. Kwa ladha mimi naenda na mbasa, sibishani na mtu. Kwa hela ya bwawani, ni perege.

Kwa nini? Mbasa anaishi ziwani lakini hutaga mtoni. Mvua zikishika anapanda mito kama Ruhuhu, anatafuta maji yanayokimbia juu ya changarawe safi. Bwawa lako la maji yaliyotulia halimpi hicho kitu. Halafu anataka nyama, wakati wewe una pumba na mashudu. Malawi watafiti wamejaribu kumzalisha, lakini vifaranga vya kununua hapa kwetu hakuna.

Sasa wapo wanaowaza kwenda Ruhuhu kuchota mbasa wadogo. Naomba hilo liishie kwenye mawazo. Huyu samaki yumo kwenye orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka. Nyavu zinamsubiri mdomoni mwa mto akiwa na mayai tumboni, na huko juu sisi wakulima tunalima mpaka ukingoni, udongo unashuka na kufukia ile changarawe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni. Bustani ya nyanya ndani ya hizo mita inamgusa mbasa hata kama hujawahi kushika ndoano.

Turudi kwa perege. Adui yake Songea ni baridi. Juni na Julai maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anakula kidogo, anadumaa. Wenye chemchemi ya uhakika, pandikizeni Septemba, miezi ya joto iwe yote mbele yenu. Jike huatamia mayai mdomoni na huzaa bila kukuuliza, mwishowe bwawa linajaa vidagaa visivyouzika. Agiza madume matupu, au ongeza kambale wachache perege wakishakuwa wakubwa kuliko wao, wale vile vitoto. Kwa vifaranga, anzieni Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji Ruhila, hapahapa Songea.

Kama bwawa lako linamwaga maji kuelekea Ruhuhu na unafuga sato, funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji. Sato si mwenyeji wa Ziwa Nyasa. Wavu huo ukague kila baada ya mvua kubwa, maana majani yakiuziba maji yatapita juu ya tuta, na samaki watayafuata.