Nasaba za Wabajuni na Kipimo cha Mate (2)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mate ya kwenye kichupa yanavyogeuka kuwa orodha ya jamaa. Leo tutazame matokeo yakishafika: uyasomeje, na umwonyeshe nani.

Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula walikimbilia Kenya kwa majahazi na mashua. Wengi walipokewa katika kambi za Mombasa, Utange ikiwa mojawapo, nazo zikafungwa kabla muongo ule haujaisha. Kuna waliorudi visiwani, na kuna waliofika Uingereza. Watu waliokuwa wakigongeana milango sasa wanatafutana kwa simu, na ndiyo maana hifadhi kama GEDmatch, iliyoanzishwa 2010, inawavutia vijana: unapakia faili ulilopewa na kampuni iliyokupima, unalinganishwa na waliopimwa kwingine.

Hesabu ndiyo inayowapoteza wengi. Ulinganifu hupimwa kwa sentimogani, yaani urefu wa vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki. Mzazi na mwanawe hufikia kama 3,400. Watoto wa ndugu wawili kama 850. Wajukuu wa ndugu kama 230. Vitukuu kama 75. Wastani huo unafaa pale watu wanapooa mbali. Visiwani watu ni wachache, wameoana kizazi baada ya kizazi, na posa ya mtoto wa ami haimshangazi mtu. Sasa tuseme kijana wa asili ya Chula aliyeko Birmingham analingana na mwanamke wa Kisauni, Mombasa, kwa sentimogani 225. Mashine itaandika kuwa babu zao au bibi zao walikuwa ndugu. Watamtafuta ndugu huyo miezi mizima wasimpate, kwa sababu hayupo: wawili hao ni vitukuu wa ndugu kwa njia tatu, moja ya baba na mbili za mama, na 75 imejumlishwa mara tatu.

Kwa hiyo usitazame jumla peke yake, tazama na urefu wa vipande. Vipande vingi vifupi ni dalili ya kuoana ndani kwa ndani. Kipande kirefu kinaelekeza kwa jamaa wa karibu. Kisha mpigie nyanya. Yeye ndiye ajuaye nani alimwoa nani Chovai, na nani walinyonya ziwa moja, undugu unaoharamisha ndoa lakini haumo katika sentimogani hata chembe. Anayeweka matokeo kwenye kundi la kutafutana bila ukoo, kijiji na majina ya mababu wa pande zote mbili, kwa kweli hajatoa kitu.

Halafu kuna ubishi wa kromosomu Y, ile ya baba kwa mwana wa kiume. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao juu ya mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani, ukiwemo Faza, mji wa Wabajuni kisiwani Pate. Walikuta mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000: upande wa kina mama karibu wote wa Kiafrika, upande wa kina baba kwa sehemu kubwa kutoka Uajemi. Basi kijana akiona Y yake inaelekea huko, kesho yake kundi zima linaambiwa "sisi Waajemi". Taratibu! Ukihesabu vizazi vinne nyuma una wazee 16, na Y inamsemea mmoja.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2009 idara ya mipaka ya Uingereza ilianza majaribio ya kupima vinasaba, nywele na kucha za waomba hifadhi waliojieleza kuwa Wasomali, ili kubaini kama kweli walitoka Somalia. Wanasayansi walipinga, akiwemo Alec Jeffreys, mvumbuzi wa alama za vidole za vinasaba, na kufikia 2011 majaribio yaliachwa. Kwa Mbajuni upuuzi wake uko wazi: Kismayu yenyewe ilikuwa chini ya Waingereza wa Kenya hadi jimbo lake la Jubaland lilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Jamaa wa Chula na wa Kizingitini, upande wa Kenya, ni damu moja, na mpaka uliwapita katikati.

Ndiyo maana sikubali kauli ya "matokeo ni yangu". Faili lako lina nusu ya mama yako na sehemu ya kila binamu, na huenda mmoja wao bado ana kesi ya hifadhi. Mwaka 2018 polisi wa California walimpata muuaji kupitia jamaa zake wa mbali waliokuwa GEDmatch; mwaka uliofuata hifadhi hiyo ikaanza kumtaka kila mtu aridhie kwanza kabla polisi hawajalinganisha na faili lake. Mwaka 2023 taarifa za watu kama milioni 6.9 wa 23andMe ziliibwa. Tumia herufi za mwanzo badala ya jina, funga ruhusa ya polisi, usiandike jina la aliye hai. Na ukigundua kwamba mtoto aliyeandikwa kwenye karatasi za safari kuwa wa kuzaliwa kumbe ni wa kulelewa, usilipeleke hilo kundini, mpigie aliyemlea.

(Itaendelea)